Pembe ya Mfongo Baharini

Bernadetha aliikuta pembe chini kabisa ya kikapu cha safari, imeviringishwa ndani ya shati jeupe la mumewe la Jumapili. Alikuwa anatafuta mahali pa kusukumia ndizi za kumpelekea binti yao. Aliigusa tu, akajua. Pembe ya tandala, ndefu, nyeusi, mdomo wake umelainishwa na midomo ya wanaume watatu wa ukoo mmoja: babu, baba, na sasa Filemon. Tangu ilipoingia Kibosho haikuwahi kutoka. Leo ilikuwa inasafiri kwenda Pangani, baharini.

Hakuuliza. Mwanamke aliyezoea mume wa maneno machache hujifunza kuuliza kwa kungoja. Alilikunja shati kama alivyolikuta, akaweka ndizi juu, akafunga kikapu.

Ile ilikuwa pembe ya mfongo. Wasioujua mlima huuita mfongo mfereji, lakini mfereji ni kitu cha kuchimbwa na tingatinga. Mfongo waliuchimba mababu kwa mikono. Waliyashika maji ya mto kule juu msituni, mahali panapoitwa banio, wakayazungusha kwenye mabega ya vilima polepole, bila kuyatisha, mpaka yakafika chini ya kila mgomba. Filemon ndiye alikuwa mkubwa wa mfongo wao. Banio likibomoka, anapanda alfajiri, anapuliza pembe, na wanaume wanatoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya pamoja. Wanawake hawaendi. Chini kidogo ya banio kuna jiwe kubwa lililoota ukungu. Mwanamke akifika pale husimama. Ndivyo walivyokuta, ndivyo walivyoacha.

Halafu ukaja ule mwaka wa kahawa. Makampuni ya watu binafsi yalipanda mpaka Kibosho, kila moja na mizani yake, bei ikaruka kama jogoo anayejaribu kupaa, kisha ikaanguka. Vijana wakang'oa mibuni. Wengine wakashukia Moshi mjini kuuza mitumba, wengine Holili kuvusha mizigo mpakani. Mvua za masika zikabomoa banio. Filemon akapanda, akapuliza pembe. Hakuja mtu. Akapuliza tena. Bernadetha alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Aliisikia pembe, akasikia na kimya kilichofuata, na kilichomchoma ni kile kimya. Kijana mmoja alipita na redio yake begani, akamwambia mzee, "Meku, siku hizi kuna bomba."

Filemon alishuka jua likiwa kali, akaitundika pembe ukutani. Tangu siku hiyo maneno yake yakakauka pamoja na mfongo. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, anatazama ukuta.

Sasa wanaukoo, wakiongozwa na jirani yao Wenseslaus, walitaka mfongo ufukiwe kila mtu aongeze kihamba chake, shamba lake la migomba. Kilichowazuia ni pembe tu. Mfongo wenye pembe haufukiwi, ni kama kumzika mtu anayepumua. Kikao kilikuwa kinamngoja Filemon arudi kutoka Pangani. Na Bernadetha, katika rozari yake, alikuwa na ombi moja tu: pembe isitoke mikononi mwa mume wake. Alimjua. Siku pembe itakapotoka, yule mzee atautazama ukuta mpaka ukuta umchukue.

*

Binti yao Theodora alikuwa muuguzi Pangani. Aliwapokea, akawalisha, akacheka walivyokwepa kitoweo cha samaki.

"Mama, mpaka leo?"

"Mwanangu, bibi yake baba yako alituambia samaki ni ndugu wa nyoka, amepungukiwa sumu tu."

Asubuhi yake Theodora alikuwa zamuni. Akawakabidhi kwa jirani yake, Mzee Kombo, mvuvi mwenye ndevu nyeupe na fulana iliyopauka. Yeye akawatazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Hamjambo wageni wa mlimani? Leo nawapeleka mkavue. Msiogope, ngalawa yangu haijamzamisha Mchaga hata mmoja."

"Umewahi kuwapakia wangapi?" Bernadetha akauliza.

"Ninyi ndio wa kwanza, bibie."

Filemon hakucheka. Alipanda na kikapu chake mapajani. Ngalawa ilikuwa nyembamba kama mzinga wa nyuki uliopasuliwa katikati, na mikono miwili ya miti iliyoyashika maji huku na huku. Bernadetha alikaa amebana magoti, ameshika ubao kwa mikono yote miwili, akisema Salamu Maria kimoyomoyo. Kila wimbi dogo lilipoinua ngalawa, aliianza sala upya.

Walipotoka kwenye mlango wa mto, Mzee Kombo akaacha kupiga kasia. "Tazameni hapo."

Maji ya mto, mekundu ya udongo, yalikuwa yanaingia baharini kama mkono unavyoingia kwenye mkono wa shati. Upande huu wekundu, upande ule buluu, na katikati mstari, povu jembamba limesimama juu yake. Bernadetha alidhani vitu viwili vikikutana kimoja humeza kingine mara moja. Hivi vilikuwa vinakwenda bega kwa bega, kama wageni wawili wasiofahamiana wanaofuata njia moja.

"Hayo ni ya kwenu," Mzee Kombo akasema. "Yameanzia mlimani, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaja zake. Baba yangu aliniambia: mto huu unanawa uso Kilimanjaro na miguu hapa."

Filemon aliinama, akachovya vidole upande wa wekundu, akaonja. Akachovya upande wa buluu, akaonja, akatema. Bernadetha aliona kwamba macho yake hayakuwa yale ya ukutani.

Wakaendelea. Pwani ikawa mstari wa minazi, kisha uzi, kisha wazo tu. Filemon akaanza kugeuka, kulia, kushoto, nyuma, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

"Unatafuta nini, mzee mwenzangu?"

"Juu ni wapi?"

Mzee Kombo akaelekeza kidole mbinguni.

"Siyo huko," Filemon akasema kwa hasira kidogo. Bernadetha alimwelewa. Kwao kila kitu kina upande wa juu na upande wa chini: nyumba, shamba, kitanda, hata meza. Utamwambia mtu asogeze sahani upande wa juu, na atajua, maana Kibo iko hapo, ikijificha mawinguni au isijifiche. Hapa palikuwa hapana Kibo. Maji yalikuwa yamelala kila upande, mapana, yamelingana, na anga imeyafunika kama kifuniko cha chungu, na wao watatu ndani yake kama punje tatu za mahindi. Bernadetha alijiona mdogo kuliko alivyokuwa siku ya ubatizo wake. Jambo la ajabu ni kwamba halikumwogopesha. "Ruwa," akanong'ona, jina la Mungu la nyumbani, kwa sababu lile la kanisani lilimtoka akilini wakati ule.

Mzee Kombo akatupa nanga, jiwe lililofungwa kamba, akawapa kila mmoja mshipi wenye ndoana na kipande cha ngisi. "Shusheni mpaka mguse chini, halafu inueni shubiri moja. Mkisikia mtu anagonga mlango, mfungulieni haraka."

Bernadetha alishusha. Uzi ukaenda, ukaenda, mpaka akashangaa chini ni mbali namna ile na wao wamekaa juu yake kwa amani. Halafu akagongewa. Siyo kugongewa, alinyakuliwa.

"Yesu na Maria! Kuna mtu!"

"Vuta, bibie! Vuta, usimwachie!"

Alivuta kama anayevuta ndoo kisimani, huku akipiga kelele, na kutoka kwenye giza la kijani likapanda dude jekundu, linang'aa, linageukageuka kama kipande cha jua kilichozama. Lilipoangukia miguuni pake aliinua miguu yote miwili hewani, ngalawa ikayumba.

"Changu huyo!" Mzee Kombo akacheka mpaka akakohoa. "Mshike! Si mgomba huo, haukatwi kwa panga."

"Mshike wewe, mimi namtazama."

Na kweli alimtazama. Magamba yake yalikuwa mekundu, lakini kila gamba lilikuwa na ukingo wa dhahabu, na jicho lake lilikuwa na duara la manjano. Kitu kizuri hivyo kilikuwa kinaishi kule gizani bila mtu wa kukiona. Alikipamba nani, na kwa ajili ya nani? Kwa miaka yote Bernadetha alidhani uzuri wa dunia uko mlimani kwao, wengine wamegawiwa mabaki.

Akamvua mwingine, na mwingine. Filemon hakuvua kitu. Samaki walimlia chambo na kumrudishia ndoana tupu.

"Wanamjua," Mzee Kombo akasema. "Wanasema huyu ametuita nyoka."

*

Jua lilipopanda, maji yalikuwa yamepungua, na mbele yao pakatokea fungu la mchanga, jeupe, refu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Mzee Kombo akawafikisha pembeni yake. Rafiki yake alikuwa karibu na ngalawa nyingine, anamngoja wakainue madema yao, ile mitego ya kufumwa, upande wa pili wa mwamba.

"Sichelewi. Pumzikeni humu, nanga iko chini. Leo ni bamvua, maji yameenda mbali, na yanarudi yana haraka. Msiiachie ngalawa."

Filemon akaitikia kwa kichwa. Lakini maneno ya mtu wa pwani yaliingia sikio la mtu wa mlimani. Mzee Kombo alipotoweka nyuma ya mwamba katika ngalawa ya rafiki yake, Filemon akashuka, akatembea juu ya mchanga uliokauka, akaukanyaga kama anayeupima. Akarudi, akaikuta nanga imelala kwenye tope. Chombo cha mtu hakiachwi kwenye tope. Akaiosha, akaikunja kamba vizuri, akaiweka ndani ya ngalawa, kama anavyoweka jembe la jirani barazani baada ya kuazima. Ngalawa ilikuwa imekaa mchangani, maji yako mbali, chini ya mteremko. Kwani maji hupanda?

Bernadetha akashuka naye. Filemon alibeba kikapu, akakiweka mahali palipoinuka. Kwa mazoea tu, kwa kisigino, akachora mfereji mdogo kukizunguka, ili kidimbwi kilichokuwa jirani kipate njia ya kuteremkia. Maji yakafuata kisigino chake kwa utii. Halafu akafungua kikapu, akatoa shati, akatoa pembe.

Bernadetha alikuwa amengoja kuanzia Kibosho. Sasa akaona kungoja kumefika mwisho.

"Baba Theodora, hiyo inakwenda wapi?"

"Umeiona?"

"Niliiona kabla hujaificha vizuri."

Filemon aliigeuza mikononi. "Siwezi kuwapa akina Wenseslaus. Na siwezi kuitazama ukutani. Maji yetu yanaishia hapa, umeyaona kwa macho yako. Na pembe iishie hapa. Huku ni kwao."

"Na wewe je, utaishia wapi?"

Akatembea mpaka ukingoni, akainua mkono.

Bernadetha hakumkimbilia. Alitazama chini tu, kwa sababu miguu yake ilikuwa imelowa. Akaona kitu ambacho hakukielewa, akamwita mumewe kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia. "Filemon! Njoo uone mfongo wako!"

Filemon akageuka. Ule mfereji alioukata kwa kisigino, uliokuwa unateremsha maji, sasa ulikuwa unayapandisha. Yalikuwa yanaingia kwa mdomo wa chini, yanatambaa, yanajaza kila kona, yanakwenda juu. Bila mtu, bila jembe, bila banio.

Mzee alipiga magoti. Pembe ikabaki chini ya kwapa, amesahau. Alikuwa ameyaongoza maji maisha yake yote, ameyabembeleza, ameyadanganya, ameyazungusha kwenye mawe, na hakuna siku aliyoyaona yakipanda yenyewe. Akaweka kiganja, yakapita juu ya kiganja. Akajenga kinga ya mchanga, yakaizunguka, yakaja nyuma yake kama mtoto mtundu.

"Mama Theodora," akasema. "Yanarudi."

"Nayaona."

"Yalikuwa yamekwenda. Umeona yalivyokwenda mbali? Sasa yanarudi. Nani anayaita?"

Fungu zima lilikuwa linapumua. Maji yalikuja kutoka pande zote kwa wakati mmoja, bila kelele, membamba kama kitambaa kinachotandikwa, na jua lilikuwa limelala ndani yake. Bernadetha alisahau kwamba hajui kuogelea. Walikuwa wamesimama katikati ya kitu kikubwa kinachofanya kazi yake, kazi iliyofanywa kabla ya Kibosho kuwa Kibosho, na hakuna aliyewaomba ruhusa.

Halafu alikumbuka ngalawa.

Ilikuwa inakwenda zake, taratibu, nanga ikiwa ndani, imekunjwa vizuri kabisa.

"Baba Theodora, nanga uliiweka wapi?"

Filemon akaitazama ngalawa. Akaelewa kila kitu kwa pamoja. "Niliiosha," akasema.

Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, yakafika magotini. Bernadetha akaweka kikapu kichwani, kwa sababu ndivyo mwanamke anavyofanya na kikapu, hata dunia ikizama. Nyuma ya mwamba hapakuonekana mtu. Walipiga kelele, upepo ukazichukua.

"Puliza," Bernadetha akasema.

Filemon akaitazama pembe kama mtu aliyepewa kitu cha moto. "Nikipuliza na asije mtu?"

Hapo ndipo Bernadetha alipojua jinsi lile jeraha lilivyokuwa refu. Hata kifo kilikuwa kinamwogopesha kidogo kuliko kile kimya cha pili. Akamshika mkono, yale maji yakiwa yanamvuta kanga.

"Basi utakuwa umenipulizia mimi. Mimi niko hapa, nasikia."

Akapuliza.

Sauti ilitoka nene, ya zamani, ile ile iliyokuwa ikigonga mabonde ya Kibosho. Lakini huku hapakuwa na bonde la kuirudisha. Ilikwenda tu, ikapanuka juu ya maji kama duara, ikaendelea kwenda. Kimya. Bernadetha alifumba macho. Akasikia mumewe anavuta pumzi, na akapuliza tena, mara hii ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia, mpaka ikaonekana ile bahari nayo inatega sikio.

Na kutoka nyuma ya mwamba sauti ikajibu, "Hooooya!"

Tanga dogo lililoshonwa viraka likachomoza. Mzee Kombo na mwenzake walikuja wakipiga kasia kwa nguvu zote. Maji yalikuwa yamefika kiunoni walipomvuta Bernadetha ndani, na kikapu bado kiko kichwani. Wakaifuata ile ngalawa iliyochukuliwa na maji, wakaifunga nyuma. Mzee Kombo aliiona nanga.

"Nani kaikunja hivi? Hata mimi sijawahi kuikunja vizuri hivi."

"Nilidhani maji hayapandi," Filemon akasema.

Mzee Kombo alifungua mdomo atoe mzaha, akamtazama usoni, akaufunga.

"Umejuaje kuja?" Filemon akamwuliza.

"Nimejuaje? Baragumu limelia!"

"Ulijua ni mimi?"

"Nitajuaje? Baragumu likilia, mwenye masikio anakwenda. Kwani kwenu hufanyaje?"

Nyuma yao lile fungu lilikuwa limekwisha. Palikuwa na maji tu, yamelala, kama hapakuwahi kuwa na mchanga wala watu wawili wazee. Filemon alipatazama mpaka wakafika pwani, pembe ikiwa kifuani pake. Jioni, Theodora alipokaanga wale changu, mzee alikata kipande kidogo cha mkia, akafumba macho, akala.

"Ana ladha ya nini, baba?"

"Ya nyoka," akasema. Bernadetha akacheka mpaka akaenda kulia uani.

*

Kwenye kikao Wenseslaus aliongea kwanza, kwa adabu, akataja ukubwa wa vihamba na bomba la serikali. Filemon alisikiliza mpaka mwisho. Pembe ilikuwa mapajani pake. Wazee wakanyoosha mikono kuipokea.

"Sijaleta kuwapa," akasema. "Nimeleta kuwaambia kwamba kesho italia."

Alfajiri ilipolia, Bernadetha alikuwa jikoni. Hakungoja kusikia kimya. Alichukua jembe nyuma ya mlango, akapanda kwa njia ya msituni, umande unamlowesha pindo, mpaka akafika kwenye lile jiwe lenye ukungu. Miguu yake ikasimama yenyewe. Huko juu, Filemon alikuwa peke yake kwenye banio lililobomoka, pembe mkononi, anatazama njia.

Mtu alikohoa nyuma ya Bernadetha. Alikuwa Hilaria, mke wa Wenseslaus, amejifunga kanga kiunoni, jembe begani.

"Na wewe?" Bernadetha akamwuliza.

"Imelia. Kwani mimi sina masikio?"

Wakasimama wote wawili pale kwenye jiwe, na mbele yao Kibo ilikuwa imefunguka, nyeupe, haina wingu hata moja. Filemon aliwatazama muda mrefu. Bernadetha alidhani atawarudisha.

"Mama Theodora," akaita kutoka juu, "mnasimama hapo mnangoja nini? Hii siyo Pangani. Huku maji hayapandi yenyewe."

Bernadetha akainua kanga yake kidogo, akalipita jiwe.